Tusiyalaumu Maji ya Majaruba

Ugonjwa wa baridi yabisi umebeba sababu katika jina lake, na sababu hiyo si ya kweli. Mtu akisikia jina huamini papo hapo kwamba viungo vyake vimekakamaa kwa kupigwa na baridi. Mhudumu anayemsikiliza, kwa kuwa naye amelelewa ndani ya lugha hiyo hiyo, mara nyingi hana neno la kumpinga. Kule Kibosho na Marangu, karibu na msitu, lawama huangukia ukungu na manyunyu ya mwezi Julai. Chekereni, kwenye tambarare ya kusini mwa mji wa Moshi ambako jua huwaka karibu mwaka mzima, baridi haipatikani kirahisi, basi lawama huhamia kwenye maji ya majaruba. Maelezo yanayobadilika kadiri mtu anavyoteremka mlima yanapaswa kutiliwa shaka.

Lingekuwa jambo la lugha tu, nisingeandika. Lakini maelezo hayo huzaa ushauri, na ushauri huo una gharama. Mwanamke anayelalamika kwamba vidole vyake vimevimba na haviwezi kukunjika asubuhi huambiwa aache kuingia majini. Huambiwa hivyo na jirani, na muuza dawa, na wakati mwingine nasi wenye makoti meupe. Tangu mwaka 1987, skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi iliyojengwa kwa msaada wa Japani ilipokamilika, mpunga ndio umekuwa uhai wa Chekereni, Mabogini, Rau ya Kati na Oria. Maji ya mito ya Rau na Njoro huingizwa mashambani kwa mifereji, na kazi ya kupandikiza miche, kuinama saa nzima na miguu ikiwa topeni, kwa sehemu kubwa hufanywa na wanawake, wengi wao vibarua. Kumwambia kibarua wa kupandikiza aache maji ni kumwambia aache ujira. Akitii, hukosa fedha ya chakula na ada, na ugonjwa unaendelea kumla viungo kana kwamba hakutii lolote.

Tukumbushane ugonjwa wenyewe ni upi, maana jina baridi yabisi hutumiwa kwa kila maumivu ya mifupa. Ninaouzungumzia hapa ni ule ambao mfumo wa kinga ya mwili, badala ya kupambana na vimelea, hushambulia utando laini uliozunguka viungo. Huanza zaidi kwenye viungo vidogo vya vidole, viganja na nyayo, aghalabu pande zote mbili. Mkakamao wa asubuhi huchukua zaidi ya nusu saa, mara nyingi saa nzima au zaidi, kisha hupungua mtu anapojishughulisha. Hapo unatofautiana na uchakavu wa magoti wa wazee, ambao huuma zaidi baada ya kazi na hutulia kwa mapumziko. Duniani kote watu wapatao milioni 17.6 walikadiriwa kuishi na ugonjwa huu mwaka 2020, na wanawake huugua mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Usipotibiwa hula gegedu na mfupa, na kilichokwisha kuliwa hakirudi.

Kwa nini fulani augue na dada yake asiugue? Sehemu ya jibu imo katika vinasaba. Wapo watu waliozaliwa na aina fulani ya vinasaba vya kinga vinavyowaweka karibu zaidi na ugonjwa. Lakini vinasaba peke yake havitoshi, na barani kwetu upo ushahidi wa zamani unaoeleza hivyo kwa ufasaha. Mwaka 1975 watafiti wa Afrika Kusini walichapisha matokeo ya uchunguzi wa jamii mbili za Waafrika. Katika jamii ya Watswana waishio kijijini, wagonjwa walikuwa karibu 1 katika kila watu wazima 1,000. Katika kitongoji cha Soweto, Johannesburg, walikuwa karibu 9 katika kila 1,000. Huwezi kuieleza tofauti kubwa namna hiyo kwa damu ya ukoo peke yake. Kuna kitu ambacho watu hukutana nacho wanapobadili namna ya kuishi, na ikumbukwe kwamba waliohamia Soweto hawakwenda kulima majaruba.

Kitu kilichothibitika kuliko vyote ni moshi wa sigara. Wataalamu wa Sweden walianza mwaka 1996 kuwafuatilia watu waliogunduliwa karibuni kuwa na ugonjwa huu na kuwalinganisha na wasioumwa. Matokeo yao, ambayo nchi nyingine zimeyapata vilevile, ni kwamba mvutaji yuko hatarini zaidi, hasa kwa ile aina ya ugonjwa yenye kingamwili ziitwazo anti-CCP katika damu, na kwamba hatari hiyo haiishi siku anapoacha bali hushuka polepole kwa miaka mingi. Mwaka 2006 walionesha jambo lililowashtua wengi. Mvutaji aliyerithi vinasaba vile hatarishi kutoka kwa wazazi wote wawili alikuwa na uwezekano wa kupata aina hiyo ya ugonjwa mara 21 zaidi ya mtu asiyevuta na asiye na vinasaba hivyo.

Namna inavyotokea inafahamika kwa kiasi cha kutosha kuelezwa hata kwenye benchi la zahanati. Moshi huunguza na kuchokoza utando wa mapafu. Katika uchokozi huo, vimeng'enya fulani hubadilisha kidogo umbo la protini za mwili wenyewe. Mtu mwenye vinasaba vile anapokuwa na protini zilizobadilika, kinga yake huziona kama ngeni na kuanza kutengeneza silaha dhidi yake. Silaha hizo huzunguka katika damu kimya kimya, kwa wengine miaka mitano, kwa wengine kumi, kabla kidole cha kwanza hakijavimba. Kwa hiyo ugonjwa tunaouona mkononi huenda ulianzia kifuani zamani, wakati mgonjwa hajafikiria hata kidogo kwamba anaumwa.

Wasweden hao hao walitupa kipimo kizuri cha hoja hii. Nchini mwao watu wengi hutumia tumbaku ya kuweka chini ya mdomo, isiyochomwa. Waliochunguzwa kwa matumizi hayo hawakuonekana kuwa na hatari iliyoongezeka ya ugonjwa huu. Maana yake ni kwamba mshtakiwa si tumbaku kwa jina lake, bali ni kile kinachoingia mapafuni. (Wazee wetu wa ugoro wasishangilie mapema, kwa kuwa kinywa na moyo vina mashtaka yao.) Swali la kumuuliza mgonjwa, basi, si lile la sigara peke yake. Ni pana zaidi: maisha yako yote umekuwa ukivuta hewa ya namna gani?

Hapa ndipo Chekereni inapoingia, na hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaosema kwamba utafiti wa Ulaya hautuhusu kwa sababu mama zetu hawavuti sigara. Ni kweli hawavuti. Lakini wamekaa jikoni tangu utotoni, mbele ya mafiga matatu, katika chumba chenye tundu dogo la kutolea moshi au kisicho nalo kabisa. Moshi wa kuni hubeba vumbi laini na kemikali nyingi zinazofanana na za sigara, na madhara yake kwa mapafu ya wanawake na watoto hayabishaniwi tena. Kuuhusisha moja kwa moja na baridi yabisi ni hatua ambayo ushahidi wake bado ni mwepesi ukilinganishwa na wa sigara. Hata hivyo, wakati maji yanashtakiwa bila shahidi, moshi wa jikoni unaachwa huru ingawa ndugu yake wa damu, sigara, ameshatiwa hatiani. Huo si uamuzi wa kitabibu, ni mazoea. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Huzungumzwa kwa ajili ya misitu na mapafu. Sioni kwa nini kliniki za viungo zikae kando ya mazungumzo hayo.

Baada ya moshi, vumbi. Mwaka 1953 daktari Anthony Caplan, akifanya kazi Wales, alieleza kwamba wachimbaji wa makaa ya mawe wenye baridi yabisi walikuwa na vinundu vya pekee mapafuni, na hali hiyo ikapewa jina lake. Tangu hapo uchunguzi umerejea mara kwa mara kwenye vumbi la silika, yaani lile linalotoka mawe na mchanga vinapopasuliwa, kusagwa au kutobolewa. Nchini Sweden, wanaume waliofanya kazi katika vumbi hilo walikuwa na hatari iliyoongezeka, na wale waliolivuta huku wakivuta pia sigara hatari yao ya ugonjwa wenye kingamwili za anti-CCP ilifika zaidi ya mara 7. Moshi na vumbi havikujumlishwa tu. Kila kimoja kilikizidishia kingine nguvu.

Sasa fikiria vijana wa Moshi Vijijini wanaokwenda Mirerani kuchimba tanzanaiti. Machimbo hayo hayako mbali, na vumbi la silika ndani yake limepimwa na watafiti wetu wenyewe, ambao kwa haki wameliangalia hasa kwa sababu ya kifua kikuu na ugonjwa wa mapafu wa wachimbaji. Kijana hurudi nyumbani akiwa na miaka 35, hana jiwe wala fedha, anakodi jaruba, na miaka michache baadaye vidole vinavimba. Akifika kituoni anaulizwa kazi yake, anajibu, "Mkulima." Mhudumu anaandika mkulima, na Mirerani inafutika. Siku hiyo maji ya jaruba yamepata mgonjwa mwingine wa kusingiziwa.

Hata asiyekwenda mgodini hukutana na silika kwa njia ambayo wengi hawaitambui. Mmea wa mpunga hufyonza silika kutoka ardhini na kuiweka katika maganda ya punje. Pumba za mpunga zikichomwa, majivu yanayobaki kwa kawaida ni silika kwa zaidi ya asilimia 80. Zikiungua kwa moto wa wastani, silika hiyo huwa ya aina isiyo kali sana. Zikiungua kwa joto kubwa na kwa muda mrefu, kama katika tanuri la matofali, sehemu yake hugeuka kuwa ile aina ya fuwele inayodhuru mapafu. Mpige picha mtu anayezoa majivu hayo yakiwa makavu, au kijana anayelisha mashine ya kukoboa huku nyusi zake zimekuwa nyeupe. Ushahidi mzito wa silika umetoka kwenye migodi na mawe, si kwenye mashine za mpunga, kwa hiyo sizitii mashine hatiani. Nasema tu kwamba kama nalazimika kuchagua mahali pa kuweka wasiwasi wangu kati ya maji ya mfereji na vumbi la chumba cha mashine, sichagui maji.

Viuatilifu navyo vina swali lao. Utafiti mkubwa wa wakulima na wake zao katika majimbo ya Iowa na North Carolina nchini Marekani, ulioanza mwaka 1993, umeonesha uhusiano kati ya baadhi ya viuatilifu na ugonjwa huu. Kati ya wake hao, waliowahi kutumia dawa za ukungu za jamii ya mankozebu walikuwa miongoni mwa walioonekana kuwa hatarini zaidi. Kwa mlima wenye kahawa na nyanya, jina hilo si geni. Ugonjwa wa fizi pia umo katika orodha, kwa kuwa bakteria mmoja wa fizi ana kimeng'enya chake mwenyewe kinachobadilisha protini kwa namna ile ile niliyoieleza. Mswaki na kuchungulia kinywa cha mgonjwa havigharimu kitu.

Najua pingamizi linalokuja. Mgonjwa mwenyewe atasema, "Dokta, nikiingia majini asubuhi mikono inauma zaidi, mimi ndiye ninayejua." Anasema kweli, na asibezwe. Kiungo kilichokwisha kuvimba huhisi ubaridi kwa ukali, na kuinama na kuchomeka miche kwa vidole vilivyovimba ni mateso katika maji ya namna yoyote. Lakini kinachochochea maumivu si lazima kiwe kilicholeta ugonjwa. Jeraha hukereka kwa chumvi bila chumvi kuwa ndiyo iliyokata. Tukimweleza hivyo, mgonjwa anaweza kuchagua mwenyewe: kuanza kazi jua likishapanda, kubadilishana na mwenzake kazi ya kupandikiza na ya kupepeta, kupumzika siku za uvimbe mkali. Hizo ni njia za kupunguza maumivu. Hazihitaji aache kazi, wala hazichukui nafasi ya dawa.

Wala si kila viungo vinavyouma Chekereni ni ugonjwa huu, na mazingira yale yale yana njia nyingine za kuumiza viungo. Palipo na mbu pana homa ya chikungunya, ambayo ilielezwa kwa mara ya kwanza hapa nchini, Newala, katika mlipuko wa 1952 hadi 1953, na jina lake limetoka katika Kimakonde. Uchunguzi wa wagonjwa wa homa waliolazwa mjini Moshi kati ya 2007 na 2008 uliikuta kwa takribani 8 kati ya kila 100. Viungo huweza kubaki vimevimba kwa miezi baada ya homa hiyo, tena pande zote mbili, na kumdanganya hata mtaalamu. Kuna pia brusela ya wafugaji, na jongo, na madini ya floridi ambayo katika baadhi ya maji ya ukanda huu wa volkano huwa mengi kiasi cha kukakamaza mifupa baada ya miaka. Kipimo cha zamani cha damu, kile cha rheumatoid factor, huweza kuwa chanya kwa sababu ya malaria, kifua kikuu na maambukizi mengine ya muda mrefu, kwa hiyo katika eneo lenye mpunga na mbu kisisomwe peke yake kama hukumu. Anti-CCP ni cha kuaminika zaidi, ingawa nacho kifua kikuu huweza kukichanganya. Mikono ya mgonjwa na historia yake bado ni kipimo cha kwanza.

Na historia hiyo ndiyo ninayoomba ibadilike. Katika daftari la mgonjwa anayekuja na vidole vilivyovimba, naomba wahudumu wenzangu waandike mambo haya kabla ya kuandika neno lolote kuhusu baridi: amewahi kuvuta sigara na kwa miaka mingapi, anapikia nini na wapi, amewahi kufanya kazi mgodini, kwenye machimbo ya mawe, tanuri la matofali au mashine ya kukoboa, hupulizia dawa gani shambani, hali ya fizi zake, na kama alikuwa na homa kali wiki au miezi iliyotangulia. Kisha ashike mkono wa mgonjwa na kuubana taratibu kwa upana, kwenye vifundo vya chini ya vidole. Akishtuka kwa maumivu, na mkakamao wa asubuhi unazidi nusu saa, na viungo vimevimba, huyo apewe rufaa kwenda hospitali yenye daktari anayeweza kuanzisha tiba. Asipewe sindano ya kutuliza na kuambiwa arudi msimu ukibadilika.

Haraka hii ina sababu. Miezi mitatu ya mwanzo ndiyo ambayo dawa huokoa viungo kuliko wakati wowote baadaye. Methotrexate, ambayo ndiyo tegemeo la kwanza, ni dawa ya zamani. Humezwa mara moja kwa wiki, na narudia, kwa wiki, maana kuimeza kila siku kwa makosa kumewahi kuua watu katika nchi mbalimbali. Huambatana na vidonge vya folic acid, haifai kwa mjamzito, na mgonjwa aelezwe wazi kwamba mbege na pombe nyingine huliongezea ini mzigo. Vidonge vya steroidi vinavyouzwa dukani bila cheti huondoa uvimbe kwa siku chache na kumfanya mtu aamini amepona, huku miezi ile mitatu ikipita.

Kwa ninyi mnaoishi na ugonjwa huu: kama mnavuta sigara, kuacha ni sehemu ya matibabu, kwa kuwa dawa hufanya kazi vibaya zaidi kwa mvutaji. Kama mnaye mtoto au mdogo wenu, yeye ndiye mwenye uwezekano wa kushiriki vinasaba vyenu, na bado hajavuta hewa ya miaka mingi. Jiko likihamishiwa barazani, au likipata dirisha la pili, yeye ndiye atakayefaidi zaidi. Na wenye mashine za kukoboa, wanaonunua mikanda na injini mpya kila baada ya misimu michache, wawanunulie pia vijana wao barakoa za kuzuia vumbi laini, waelekeze bomba la pumba mbali na mahali wanawake wanapokaa kupepeta, na wamwagie majivu maji kabla ya kuyazoa.

Maji ya kufanyia hivyo yapo mferejini.